Mdakaji Aliyenisuka

Babangu alivunjika vidole vitatu katika maisha yake, vyote vya mkono wa kulia, kwa sababu ya mpira mdogo mgumu ambao watu wengi wa kwetu hawajawahi kuushika. Alicheza besiboli. Nikiwaambia Wakenya wenzangu hapa Sydney, hungoja kidogo, wakidhani nitajisahihisha na kusema kriketi au magongo. Huwa sijisahihishi, na kwa mtu kama mimi hilo si jambo dogo.

Shule yake ya bweni ilipokea mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, aliyekuja kufundisha hisabati na akashuka garini na gunia la glavu. Babangu alikuwa mfupi, mpana, asiye na mbio. Akawekwa mahali ambapo hakuna aliyetaka kuwekwa: nyuma ya mpigaji, awe mdakaji. Mdakaji huchuchumaa mchezo mzima, uso umefunikwa kwa kinyago cha vyuma, akipokea kila mpira ambao mpigaji ameukosa. Mkono wake wa kushoto una glavu nene kama mto. Wa kulia uko wazi, na mpira uliokwaruzwa na gongo hubadilisha mwelekeo ghafla ukautafuta mkono huo huo. Kidole cha pete kilivunjika mara mbili na hakikukunjika tena. Kilibaki kimenyooka, kikielekeza pembeni hata alipokuwa ameshika kikombe cha chai.

Aliupenda mchezo huo kwa namna ambayo sikuielewa hadi nilipokuwa mtu mzima. Hakuwa akisimulia ushindi. Alikuwa akisimulia mipira mibaya. "Mrushaji akitupa vibaya," aliniambia, "wewe unalala kwenye vumbi mpira usipite. Halafu unainuka, unajipangusa, unamrudishia. Humwangalii vibaya. Ukimwangalia vibaya, mpira unaofuata utakuwa mbaya zaidi."

Tulihamia Sydney nikiwa na miaka mitano, tukapanga nyumba Rooty Hill. Yeye akapata kazi kwenye ghala la matairi, na mamangu akaanza kama msaidizi wa wauguzi hospitalini Westmead. Mwaka haukuisha kabla babangu hajagundua kwamba hapa watu wazima, madereva wa malori na walimu na mafundi wa mabomba, hucheza besiboli kila Jumamosi wakati wa kiangazi. Alicheza misimu miwili. Namkumbuka akitoka kwenye kivuli amevaa vikinga miguuni na kifuani, akitembea miguu imetanuka kama mende mkubwa, na mdogo wangu akilia kwa kuwa hakumtambua.

Kisha mamangu akapangiwa zamu za wikendi. Sikumbuki wakijadiliana. Nakumbuka tu Jumamosi moja tulikwenda kununua mboga badala ya kwenda uwanjani, na kwenye buti la gari glavu haikuwemo.

Zamu hizo zilileta tatizo jingine, yaani vichwa vyetu. Mamangu ndiye aliyekuwa akitusuka Jumamosi, ili tuingie kanisani Jumapili na shuleni Jumatatu tukionekana watoto wa watu. Sasa Jumamosi hakuwepo, na siku nyingine alikuwa hoi. Babangu alichukua tambara la kupigia deki lenye nyuzi ndefu, jipya, akalisimamisha ndani ya ndoo, akaweka simu yake juu ya tangi la maji moto, akawa anatazama video na kusuka tambara. Alifanya hivyo majuma matatu. Nilikuwa na miaka minane na nilikuwa nikimchungulia. Kile kidole kisichokunjika kilikuwa kikimzuia kila mara alipotaka kuvuta uzi wa tatu. Mwishowe alijifunza kukitumia kama mkia wa kitana: akakiacha kinyooke, akawa anagawia njia za nywele nacho.

Halafu akatuita gerejini. Alinisogezea stuli fupi ya plastiki, na yeye mwenyewe hakukaa. Alichuchumaa nyuma yangu, visigino vimegusa sakafu, akaweza kukaa hivyo saa nzima. Alisema hawezi kusuka akiwa kwenye kiti. Mgongo wake umezoea kuiona dunia kutoka chini.

"Mama, nyoosha shingo," alikuwa akisema. Aliniita mama kwa sababu nilipewa jina la mamake. Mdogo wangu, ambaye huelewa kila neno la Kiswahili na hujibu kwa Kiingereza, alikuwa akipiga kelele hata kabla hajaguswa.

Mlango wa gereji ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo majirani wote walituona. Rafiki yake mmoja Mrundi, aliyekuwa akisali naye, alipita Jumamosi moja akasimama pale mlangoni mikono kiunoni.

"Eh, grand! Sasa umekuwa coiffeur, msusi?"

"Kaa, nikimaliza hawa nakuja kwako."

"Mimi sina nywele."

"Ndiyo maana nakuhurumia."

"Na bibi yako anasema nini?"

"Anasema nisikaze sana."

Yule rafiki alicheka hadi akashika ukuta. Juma lililofuata alirudi na binti yake, akamsukuma mbele taratibu, akasema mama mtoto amesafiri. Babangu akamwonyesha stuli.

Sasa nifike kwenye kile ninachokizunguka.

Mimi ni mtu wa kuhakikisha. Nikifunga mlango narudi kuutikisa, kisha narudi tena. Nilipokuwa shule ya msingi nilikuwa nikichana ukurasa mzima na kuuandika upya kwa sababu ya herufi moja iliyofutwa. Nilipofika miaka kumi na mitatu nilichukua vioo viwili, kimoja cha ukutani na kimoja cha mkononi, nikatazama kisogo changu, nikaona mistari ya babangu inaelekea kushoto. Ilianza vizuri kwenye paji la uso, lakini ikifika shingoni yote ilikuwa imelalia upande mmoja kama nyasi zilizopigwa na upepo. Ningependa kuandika kwamba kulikuwa na msichana mkatili shuleni aliyenicheka. Hakuwepo. Hakuna aliyesema kitu. Ni mimi na vioo vyangu viwili.

Jumatatu ile niliondoka nyumbani mapema, nikaingia kwenye choo cha stesheni ya Rooty Hill, nikafumua mistari mitatu ya nyuma, nikaisuka upya kwa kupapasa. Nilikosa treni mbili. Juma lililofuata nilifumua mitano. Na ili babangu asikute mkono mgeni kwenye nywele zangu, kila Ijumaa jioni nilifumua kichwa chote mwenyewe, nikampelekea Jumamosi zikiwa zimechanwa na kupakwa mafuta ya nazi.

"Asante, mama," alisema. "Umenipunguzia kazi."

Alisema hivyo karibu kila juma kwa miaka mitano. Na kila Jumatatu nilirudi chooni.

Huko ndiko nilikojifunza kazi yangu. Sikufundishwa na mtu. Nilianza chuo kikuu nikaacha mwaka wa pili, kwa kuwa sikuweza kuwasilisha insha ambayo bado nilikuwa naiona ina kasoro, na zote zilikuwa nazo. Lakini nilibaki Kensington, karibu na chuo, kwenye nyumba ninayoishi pamoja na wanafunzi wanne wa Kiafrika, na sebuleni mwetu ninasuka. Wanakuja kwa mabasi na tramu kutoka mitaa ya mbali. Wanasema mistari yangu ni kama imepigwa na rula. Mtu aliponisifu hivyo nilikuwa nikiona ule mlango wa choo.

Mwaka jana babangu aliambiwa ana saratani ya kongosho. Ilikuwa imechelewa kuonekana, na yeye alikuwa amechelewa kulalamika. Alimaliza matibabu aliyoweza kuyavumilia, kisha akaomba kurudi nyumbani. Nilikuwa nikienda Rooty Hill kila Ijumaa na kurudi Kensington Jumatatu. Alikuwa amekonda hadi saa ikamzunguka mkononi. Alikaa kwenye kiti cha kuegemea karibu na dirisha, blanketi magotini ingawa nje kulikuwa na joto la kuyeyusha lami.

Nami nikaanza kufikiri kwamba lazima nimwambie. Niliandika maneno kwenye simu, nikayafuta, nikayaandika. Nilikuwa na matoleo kumi na moja. Nilijiambia ni haki yake kuujua ukweli. Nilijiambia mengi.

Jumamosi moja mchana, mamangu akiwa jikoni, nikavuta stuli nikakaa mbele ya babangu.

"Baba, kuna kitu nataka kukuambia. Si kikubwa."

"Kama si kikubwa, mbona umevuta stuli?"

Nikamwambia. Nilimwambia habari za vioo, choo cha stesheni, Ijumaa jioni. Nilimwambia mistari ilikuwa inapinda na nilikuwa naona aibu, na kwamba naona aibu zaidi kwa kuona aibu. Nilisema kila kitu kwa mpangilio nilioupanga. Nilipomaliza nilihisi mwepesi, nikamtazama nikingoja atabasamu.

"Kila juma?" aliuliza.

"Karibu kila juma."

"Miaka mitano."

"Ndiyo, Baba."

Aligeuza mkono wake wa kulia akautazama kiganja, kisha akaugeuza tena akatazama upande wa juu. "Mimi kazini nilikuwa najisifu," alisema. "Nilikuwa nawaambia wale vijana, nyie mnajua kubeba matairi tu." Akacheka kidogo, bila sauti. Kisha akaniomba nimwashie televisheni. Hakunikasirikia. Aliniuliza kama nimekula. Lakini jioni yote mkono ule wa kulia aliuweka chini ya blanketi.

Mamangu alinikuta jikoni nikiosha vyombo vilivyokuwa safi.

"Umemwambia nini babako?"

"Ukweli."

"Ukweli gani wa kumletea mgonjwa?"

Nikamweleza. Alisikiliza akiwa ameshika mwiko.

"Nilikuwa nimeubeba miaka kumi, Mama. Nilikuwa siwezi tena."

"Kwa hiyo ukaona yeye ndiye aubebe."

Watu husema kukiri makosa ni ujasiri, na mimi hukiri kwa wepesi, hukiri hata nisiyoulizwa, hukiri hapa. Lakini siku ile nilijua kwamba nilikuwa nimetafuta pumzi yangu mwenyewe kwenye kifua cha mtu ambaye pumzi zake zilikuwa zinahesabika.

Mamangu aliweka mwiko chini, akapangusa mikono, akachukua simu yake mezani. "Na hiyo mistari iliyopinda ni ipi?" aliuliza. "Maana mimi sikuiona."

Kumbe kila Jumamosi, alipomaliza kutusuka, babangu alikuwa akitupiga picha kwa nyuma na kumtumia mamangu kazini, ili naye awe ametuona. Nilikuwa nikisikia mlio wa simu nyuma yangu na sikuwahi kuuliza. Mamangu alikuwa amezihifadhi zote, amezihamisha kutoka simu moja hadi nyingine. Alinifungulia, akaniachia.

Nilizitazama nikiwa nimesimama. Visogo viwili, kikubwa na kidogo, stuli ya plastiki, sakafu ya gereji. Nilizikuza kwa vidole. Mimi husuka watu kwa riziki yangu; najua kutazama kisogo. Mistari ilikuwa imenyooka. Si yote, na si kila juma. Kulikuwa na mmoja hapa uliolegea, mwingine pale ulionona kuliko wenzake. Lakini haikulala kushoto. Ilishuka kutoka utosini hadi shingoni kama ilivyotakiwa kushuka.

Nilichukua muda kuelewa. Mtu akijitazama kisogo kwa vioo viwili huinamisha kichwa, anapinda shingo ili kioo cha mkononi kionekane kwenye kile cha ukutani, na shingo ikipinda, ngozi huvutika, na mistari yote huonekana imekimbilia upande. Wateja wangu hufanya kosa hilo karibu kila juma. Wanalalamika, nami nawaambia, nyoosha shingo kwanza, dada. Nimewaambia maneno hayo miaka yote hii na sikuwahi kujiambia mwenyewe. Iliyopinda ilikuwa shingo yangu.

Niliporudi sebuleni babangu alikuwa amelala. Jumapili alikuwa na maumivu. Jumatatu nilirudi Kensington na hilo moyoni, na juma lile nilisuka watu watano na sikumbuki uso wa hata mmoja.

Ijumaa nilipofika nilimwendea na viatu miguuni.

"Baba, nilikosea. Nimeziona picha. Mistari ilikuwa imenyooka."

Alinitazama kwa upole uliokuwa mbaya kuliko hasira. "Haya, mama."

"Ni kweli. Nilikuwa napinda shingo. Mimi ni msusi, najua ninachosema."

"Sasa unanihurumia," alisema. "Si vibaya. Mtu akiwa mgonjwa huhurumiwa."

"Sikuhurumii!"

"Juma lililopita imepinda, juma hili imenyooka. Mimi nishike lipi?" Akafumba macho. Hakusema kwa uchungu. Alisema kama mtu anayerudisha mpira taratibu kwa mrushaji aliyechoka, na nikaona kwamba ningeweza kusema imenyooka mara mia na kila mara ingepungua thamani.

Sikulala vizuri. Asubuhi, baada ya chai, alinyoosha kidole kile kisichokunjika kuelekea bafuni.

"Leta kitana. Na mafuta."

"Baba, pumzika."

"Leta. Nimesikia choo cha stesheni kinafanyiwa ukarabati."

Mamangu, aliyekuwa akikunja nguo, alitoa sauti iliyoanza kama kikohozi ikaisha kama kicheko. Nilikwenda kuleta kitana nikiwa nacheka na kulia kwa pamoja, na sikujua kipi kilitangulia.

Hakuweza kuchuchumaa. Alibaki kwenye kiti cha kuegemea, nami nikakaa sakafuni kati ya magoti yake, ambayo yalikuwa membamba kuliko yangu. Nywele zangu nilikuwa nimezifumua juma hilo. Aligawa njia kwa kidole chake, na nilihisi kidole kikitetemeka utosini, kikipotea, kikirudi. Alisuka mistari miwili akapumzika. Alisuka mmoja akalala kidogo, mkono umetulia begani mwangu, nami sikusogea. Miguu ilikufa ganzi. Mamangu alileta uji akamnywesha juu ya kichwa changu, tone likaniangukia sikioni, akasema, "Usijali, huo ni mvuke wa saluni." Babangu alimaliza saa tisa alasiri. Mistari sita. Zamani angesuka kumi na minne kwa saa moja na nusu.

Kisha nikasikia mlio wa simu nyuma yangu. Safari hii aliinyoosha mbele, juu ya bega langu.

"Haya, msusi," alisema. "Vipi?"

Niliitazama ile picha. Nilijua anachoniuliza, na nilijua mamangu ameacha kukunja nguo. Njia ya kwanza ilianza katikati ikaishia karibu na sikio. Mstari wa tatu na wa nne ilikuwa imegongana, ikawa kitu kimoja kinono, kisha ikaachana tena. Hapakuwa na mstari hata mmoja uliofika ulikokuwa unakwenda. Moyo wangu wote ulitaka kusema imetoka vizuri. Binti yeyote mwema angesema hivyo.

"Imepinda, Baba," nikasema.

"Upi?"

"Yote. Yote sita. Huu wa tatu sijui hata ulikuwa unakwenda wapi."

Kisha nikahisi tumbo lake likitikisika mgongoni kwangu. Alikuwa anacheka, kile kicheko chake cha zamani cha gerejini, ingawa kilimuumiza na alikuwa akishika ubavu.

"Sasa wewe nakuamini," alisema. Akamgeukia mamangu. "Hebu niletee simu yako. Zile za zamani."

Aliishi majuma matatu baada ya siku ile. Nilikuwa na mistari yake kichwani wakati wote. Mteja mmoja Kensington aliniuliza kama nimegombana na msusi wangu, nikamwambia hapana, ni babangu. Kanisani siku ya mazishi, wanaume waliosimama kumzungumzia walisema alikuwa mchezaji, walisema alikuwa mtu wa familia, na walisema kweli. Lakini mimi nikimkumbuka, namkumbuka alasiri ile.

Mamangu alileta simu akakaa kwenye mkono wa kiti. Babangu aliishika kwa mkono wake wa kulia, akaanza kuzipitisha picha moja moja, akinionyesha kila moja kwa kuishusha mbele ya uso wangu.

"Hii?"

"Imenyooka."

"Na hii?"

"Imenyooka. Njia zake safi kabisa."

"Hii je?"

Niliisogeza karibu, nikaikuza. "Huu wa mwisho umekimbia kidogo."

"Ni kweli," alisema, akiitazama kwa makini. "Siku hiyo mlikuwa mnapigana."